Ua wa Mita Tano

Mwaka 1853 polisi wa Berlin, ambao wakati huo ndio waliosimamia ujenzi mjini, walitoa kanuni mpya. Ilikuwa na vipengele vingi, lakini kimoja kilikuja kuamua namna watu zaidi ya milioni moja watakavyoishi: nyumba yenye majengo nyuma yake iache ua usiopungua mita 5.34 kwa mita 5.34. Kipimo hicho hakikutoka kwa daktari, wala kwa mtu aliyewaza watoto watachezea wapi. Kilitoka kwa watu wa zimamoto. Hiyo ndiyo nafasi iliyohitajika ili pampu yao iweze kugeuka.

Pima mwenyewe. Hatua saba kwa urefu, hatua saba kwa upana, kisha pandisha kuta za ghorofa tano kuuzunguka ua huo pande zote nne. Jua la Berlin halikai utosini kama letu. Hata katikati ya kiangazi linapita kwa ubavu, na miezi ya baridi linachungulia tu juu ya mapaa na kuzama. Chini ya kuta hizo halifiki. Nyasi haziwezi kuota, nguo hazikauki, na mpangaji wa chini huwasha taa saa sita mchana.

Nakisimulia kisa hiki cha mbali kwa sababu kuna mtu leo hii, Kariakoo ya Dar es Salaam au Eastleigh ya Nairobi, anayechora ua wa namna hiyo hiyo, na kibali anacho mkononi.

Kwanza kulikuwa na ramani. Mwaka 1859 serikali ya Prussia, iliyoitawala Berlin, ilimpa mhandisi James Hobrecht kazi ya kuchora mitaa ya mji uliokuwa ukivimba. Berlin ilikuwa na watu kama nusu milioni, viwanda vya mashine vinafunguliwa kila kukicha, reli inamwaga watu kutoka vijijini. Ramani yake ilianza kutumika 1862, na mtu mkweli atakiri kuwa ilikuwa kazi ya mtu aliyeona mbali: barabara pana, viwanja vya mapumziko hapa na pale, nafasi ya mji kukua kwa miongo mingi. Tatizo ni kwamba ilichora barabara, basi. Kati ya barabara na barabara vilibaki vitalu vikubwa ajabu, na kuhusu yatakayotokea ndani ya vitalu hivyo ramani haikusema neno. Kufungua barabara ni gharama, hivyo barabara chache na vitalu vikubwa vilikuwa nafuu kwa aliyelipa. Ndani ya kitalu aliachiwa mwenye kiwanja na akili yake.

Akili ya mwenye kiwanja tunaijua. Sheria ilisema ua usipungue mita tano na ushei. Yeye akaisoma kwamba ua usizidi hapo. Akajenga nyumba ya mbele iliyotazama barabara, yenye nakshi na madirisha marefu, ya kupangisha watu wa ofisini. Nyuma yake ua. Kisha nyumba ya pili, imeunganishwa na ya kwanza kwa mabawa pembeni. Ua mwingine. Kisha ya tatu. Kadiri ulivyoingia ndani ndivyo kodi ilivyopungua, na mwanga ulipungua nayo. Katika mtaa wa Ackerstraße, eneo la Wedding, mwenye kiwanda cha nguo alimaliza mwaka 1874 jengo lililojulikana kama Meyers Hof: safu sita za nyumba, moja nyuma ya nyingine, zikiingiliwa kwa lango moja la mbele. Wakati lilipojaa zaidi lilikaliwa na watu wapatao elfu mbili. Familia ilikuwa na chumba na jiko, na bado ilimpangisha kitanda kijana wa kiwandani ambaye alilala kwa zamu na kuondoka.

Hobrecht mwenyewe hakuwa mtu mbaya, na hapa ndipo kisa kinaponivutia zaidi. Mwaka 1868 aliandika kuutetea mtindo huu wa nyumba. Aliona fadhila ndani yake: mtoto wa orofa ya chini kabisa na mtoto wa mheshimiwa wanapishana kwenye ngazi ile ile, tajiri anamjua maskini kwa jina, mgonjwa wa nyuma anapelekewa supu kutoka mbele. Si hoja ya kipuuzi. Miji mingi iliyowatenga maskini ng'ambo ya mto ingetamani ngazi hiyo. Tena ni Hobrecht huyo huyo aliyekuja, kuanzia miaka ya 1870, kuijengea Berlin mfumo wa majitaka uliopeleka uchafu nje ya mji kwenye mashamba makubwa ya kuuchuja, kazi iliyookoa maisha mengi kuliko hospitali yoyote. Mtu mwenye nia njema na ujuzi mkubwa alichora ramani iliyozaa vyumba visivyo na hewa, na alifanya hivyo kwa kuacha tu jambo moja bila kuandikwa. Alidhani soko litaacha bustani katikati ya vitalu. Soko halijawahi kuacha bustani popote ambapo hakuna aliyelilazimisha.

Mwaka 1877 Berlin ilipita watu milioni moja, na mwanzoni mwa karne ya ishirini ikafika milioni mbili. Kifua kikuu kilikuwa kikiishi na wapangaji kama ndugu wa ukoo. Kuanzia 1903 hadi 1920 mfuko wa bima ya afya wa wafanyakazi wa biashara mjini humo ulituma watu wenye kamera kupiga picha vyumba vya wanachama wake wagonjwa, kwa kuwa ulichoka kulipia dawa za watu waliorudishwa kulala mahali palipowatia ugonjwa. Ukizitazama picha hizo kinachokushtua si umaskini wa vyombo. Vyombo vingi ni safi na vitanda vimetandikwa. Ni dirisha. Katika picha nyingi lipo dirisha, na nje ya dirisha pana ukuta. Waswahili tunaonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Wenzetu hawa walikuwa na kuta za kutosha. Walichokosa ni ufa.

Kanuni ilirekebishwa 1887, ua ukatakiwa uwe na angalau mita 60 za mraba. Ilikuwa nafuu, lakini mitaa mizima ilikuwa imeshajengwa, na nyumba ya matofali hukaa miaka mia. Ilibidi isubiriwe kanuni ya 1925 ndipo majengo mapya ya nyuma na mabawa yake yakapigwa marufuku kabisa. Hesabu miaka kutoka 1853. Mtoto aliyezaliwa siku kanuni ya zimamoto ilipotoka alikuwa babu wa miaka sabini na miwili.

Sasa njoo kwenye msitu. Watu wa nyumba za nyuma walikuwa na kimbilio moja, nalo ni Jumapili. Walipanda treni hadi Grunewald, msitu wa misonobari upande wa magharibi ambao zamani wafalme waliwinda humo. Mwenye msitu alikuwa dola ya Prussia, na dola, kama kawaida ya madola yenye shida ya fedha, iligundua kwamba misonobari iliyo karibu na mji ni kiwanja kilichochelewa kupimwa. Miaka ya 1880 hekta 234 zilitengwa kwa kampuni iliyokuwa ikijenga barabara ya Kurfürstendamm, na hapo yakaota makasri ya wenye benki na maprofesa. Vipande vingine vikafuata. Mwaka 1904 magazeti ya Berlin yalikusanya sahihi elfu thelathini kupinga uuzaji wa misitu. Hazikusimamisha kila kitu, lakini zilifanya kila mauzo yawe na aibu, na aibu kwenye siasa ni kitu cha thamani.

Mwishowe, mwezi Machi 1915, vita vya dunia vikiwa vimepamba moto, umoja wa manispaa za Berlin na vitongoji vyake ulitia sahihi mkataba na dola ya Prussia. Ulinunua hekta elfu kumi hivi za msitu, Grunewald ikiwemo, kwa marki milioni 50. Masharti yalikuwa makali: msitu usijengwe, wala usiuzwe tena, ubaki msitu daima.

Tazama vizuri biashara hiyo. Muuzaji ni serikali. Mnunuzi ni serikali. Fedha ni kodi za wapangaji wale wale wa nyumba za nyuma. Umma ulinunua mali ya umma ili umma usiiuze. Mwaka 1862 msitu ule ungehifadhiwa kwa mstari wa wino kwenye ramani. Miaka hamsini na mitatu baadaye mstari huo ulikuwa na bei ya milioni 50, na ninaona walibahatika, maana wangengoja miaka ishirini zaidi pasingekuwa na cha kununua. Leo karibu moja ya tano ya eneo la Berlin ni msitu. Mgeni anayesifia mji wenye miti mingi hajui kwamba anasifia risiti.

Kuna wanaosoma kisa hiki na kuhitimisha kwamba msongamano ndio ugonjwa: watu wasirundikwe, kila mmoja apewe kiwanja chake chenye mwembe. Siwakubali. Zile nyumba za Berlin zilizonusurika Vita vya Pili vya Dunia, za mitaa ya Prenzlauer Berg na Kreuzberg, leo hupangishwa kwa bei inayowatoa watu machozi, na wanaozigombea ni watu wa kipato kizuri. Kuta ni zile zile. Kilichobadilika ni kwamba watu kwa kila chumba walipungua, vyoo vikaingia ndani, na hasa kuanzia miaka ya 1980 majengo ya nyuma yaliyokuwa yamebanana sana yalibomolewa hapa na pale, zege la uani likang'olewa na miti ikapandwa. Ghorofa tano pamoja na ua wenye mti mkubwa ni makazi mazuri. Zikikutana na ua wa pampu ya zimamoto ni kaburi. Wajenzi wa miaka ya 1920 walikuwa wameshalielewa hilo. Huko Britz, Bruno Taut na Martin Wagner walijenga mtaa wa wafanyakazi wenye umbo la kiatu cha farasi, ghorofa tatu, zikizunguka bwawa na majani. UNESCO imeuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Wagner, tangu tasnifu yake ya 1915, alikuwa akitaka kijani cha mjini kipimwe kwa kichwa cha mtu, kama maji na kama vitanda vya hospitali.

Kukatwa kwa mti, kwa kweli, si jambo la kuogopewa sana. Baada ya vita, 1945, watu wa Berlin walibanwa na baridi na kukata karibu miti yote ya Tiergarten, bustani kuu ya katikati ya mji, wakaifanya kuni; kati ya miti kama laki mbili ilibaki mia saba hivi, na mahali pake wakapanda viazi. Kuanzia 1949 ilipandwa upya. Leo ni msitu. Iliwezekana kwa sababu ardhi ilikuwa bado iko wazi na hakuna mtu binafsi aliyekuwa na hati yake. Mti uliokatwa hurudi baada ya miaka thelathini. Kiwanja kilichojengwa hakirudi mpaka kwa fidia, au kwa mabomu.

Na upande wa pili una deni lake pia. Mwaka 2014 wakazi wa Berlin waliulizwa kwa kura kuhusu uwanja wa zamani wa ndege wa Tempelhof, zaidi ya hekta 300 za nyasi katikati ya mji. Serikali ilitaka kujenga nyumba pembezoni tu, zaidi ya elfu nne. Zaidi ya asilimia 60 ya waliopiga kura walisema pabaki wazi pote. Ningekuwa huko ningepiga kura hiyo, nikijua historia yao. Lakini kodi za pango zimepanda sana tangu wakati huo, na kijana anayetafuta chumba ana haki ya kuwauliza waliokwisha pata vyumba: nyasi hizi mlizilinda kwa ajili ya nani? Anayefunga eneo lisijengwe lazima aonyeshe wapi pajengwe kwa wingi zaidi. Vinginevyo anahamisha tu shida.

Mtaalamu wa mipangomiji Marie Huchzermeyer alichapisha mwaka 2011 kitabu kizima kinacholinganisha Berlin ya karne ya kumi na tisa na Nairobi ya leo, na mtu aliyepita Pipeline, kule Embakasi, hahitaji kushawishiwa. Majengo ya ghorofa saba, nane, yamegusana mabega, korido katikati, chumba kimoja kwa familia, na tundu la hewa ambalo pampu ya zimamoto isingethubutu hata kuingia. Wenzetu wa Berlin angalau walikuwa na mita zao tano.

Kariakoo nayo ina damu ya Berlin kwa njia ya moja kwa moja. Wajerumani, mwishoni mwa utawala wao, ndio walioanza kuipima mitaa yake iliyonyooka kama rula. Nyumba zilizosimama humo kwa miongo mingi zilikuwa za Kiswahili: korido katikati, vyumba huku na huku, na nyuma uani, penye jiko, choo, kamba ya nguo, na mara nyingi mti wa kivuli, mwembe au mwarobaini. Uani ndipo palipokuwa sebule ya wanawake, kiwanja cha watoto na mahali pa kuwekea maturubai ya msiba. Nyumba zikauzwa, ghorofa zikapanda, jambo ambalo silipingi, maana katikati ya mji ndipo pa kujenga juu. Ila ghorofa nyingi zilipopanda zilimeza kiwanja chote hadi mpaka wa jirani. Fremu za biashara mbele, stoo nyuma, na uani hapapo. Ramani ilikuwa imechora mitaa. Kuhusu uani haikusema neno.

Upo pia ubaya wa kinyume, nao ndio mkubwa zaidi kwa Dar es Salaam. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Milioni moja katika miaka kumi, na sehemu kubwa yao wamejenga chini chini, nyumba ya tofali na bati, kuelekea Pugu, Chanika, Goba, Bunju. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, iliyohifadhiwa tangu ukoloni, imetafunwa pembeni kwa mkaa na kwa mashamba yanayogeuka viwanja. Anayekataa ghorofa Sinza kwa kupenda hewa safi anaikata Pugu bila kushika shoka. Tunachohitaji ni vyote viwili kwa pamoja, ghorofa na uani, na cha pili hakiji chenyewe.

Kisha kuna mto Msimbazi. Ramani ya mji ya 1979 iliyaweka mabonde ya mto huo katika ardhi hatarishi, isiyofaa kujengwa. Ilikuwa ni wino, na wino wa namna ile ndio Berlin iliukosa. Lakini bonde lisilo na bustani, mlinzi wala njia ya kupita watu lilionekana kama kiwanja kisicho na mwenyewe. Watu wakajenga, umeme ukawafuata, mwenyekiti wa mtaa akapiga mihuri. Desemba 2011 mvua ikanyesha, watu zaidi ya arobaini wakafa Dar es Salaam, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Hata hivyo karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa Jangwani, ndani ya bonde hilo hilo, na zaidi ya masika moja tumeona mabasi yamesimama majini. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa bonde la Msimbazi: kutanua mto, kuinua daraja la Jangwani, kulipa fidia waliojenga bondeni, na kugeuza sehemu ya chini kuwa bustani kubwa ya mji.

Kwa hesabu za Berlin tumefika 1915. Tunanunua tena kilichokuwa chetu, kwa mkopo watakaoulipa hata wale ambao hawajawahi kukanyaga Jangwani. Naunga mkono mradi huo, na ningeulipia mara mbili. Ninachokitafuta kwenye nyaraka zake ni kile kifungu kifupi cha Grunewald, kwamba ardhi hii isijengwe wala kuuzwa tena, na jina la yule atakayekuwa na mamlaka ya kukitetea mahakamani. Sheria ya Mipangomiji ya 2007 inaruhusu matumizi ya ardhi kubadilishwa kwa maombi. Tangazo lake huwa fupi, la maandishi madogo, na wananchi hupewa siku za kupinga. Atakayeiona bustani hiyo ikifunguliwa, na bendi ikipiga, na aanze siku hiyo hiyo kuyasoma matangazo.